Ungo wa Kutu Barazani kwa Baba Mkwe

Naomba niungame mapema, msije mkanikatiza katikati kwa vicheko nikapoteza njia: yule mkamwana wa Bujonde aliyemmwagia baba mkwe wake ndoo nzima ya maji wakati wa sala, mbele ya wazee wa kanisa, kichwa wazi na miguu peku, ni mimi. Na ile habari mliyoisikia mjini Kyela kwamba nilikuwa nimepandwa na mapepo si kweli, nilikuwa na akili zangu timamu (jambo ambalo linanipunguzia utetezi), tena nilikuwa na shahada mbili, na chanzo cha yote ni kwamba niliogopa kulowesha ungo mpya wa mama mkwe.

Mnanijua, nafundisha kemia sekondari, na kabla sijarudi huku kufundisha nilikaa chuoni miaka miwili ya shahada ya pili nikichunguza jambo moja tu, nalo ni namna atomu ya salfa inavyojishikiza juu ya uso wa fuwele ya oksidi ya chuma. Oksidi ya chuma ni kutu, msitishike na jina. Miaka miwili, ndugu zangu, mbele ya kompyuta, nakokotoa salfa ikifika juu ya kutu itapenda kukaa wapi, juu ya atomu ya chuma, au juu ya ile ya oksijeni, au katikati ya mbili, na ikishakaa itashika kwa nguvu kiasi gani. Siku ya mahafali shemeji yangu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa shemeji, ikishakaa, inakuwaje?" Nikamjibu kwamba inakuwa imekaa, na ukoo mzima wakacheka mpaka wali ukaungulia jikoni. Tangu hapo nikipita watu wanaulizana salfa imekaa au bado imesimama. Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma, maana hata mimi sikuwa na la kuwajibu.

Sasa, ili muuelewe ukubwa wa balaa lenyewe, lazima niwakumbushe heshima ya ukwe kwetu (hasa ninyi mlioolewa mbali mkasahau). Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, ndiyo maana hata leo hamtanisikia nikilitaja. Akitokea njiani, mkamwana anaingia migombani, anageuza mgongo na kitenge kichwani mpaka mzee apite. Zipo nyumba siku hizi ambazo mkwe na mkamwana wanakula meza moja na kugombania rimoti ya televisheni, lakini nyumba niliyoolewa mimi si mojawapo. Kwa miaka tisa nilimjua baba mkwe wangu kwa kukohoa kwake, kwa mlio wa viatu vyake na kwa sauti yake ng'ambo ya ukuta, na nikiwa na neno kwake nilimtuma wifi yangu Atupele, binti yake wa mwisho, naye akinirudishia majibu. Mume wangu Lusajo kazi yake iko Mbeya na anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo yote mazito kati yangu na mzee yalipita mdomoni mwa Atupele, ambaye ni msichana mwema lakini akiambiwa maneno matano anafikisha matatu.

Kilichonitia kwenye habari za gesi ni kifua cha mama mkwe. Si kifua cha mafua, ni kile cha miaka arobaini ya kupuliza kuni mbichi ndani ya jiko la mianzi, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa atampa lakini dawa haitashindana na moshi, aache kuni. Alikuwa anakohoa mpaka anashika nguzo. Nilikuwa nasahihisha madaftari chumbani namsikia, anakohoa, ananyamaza, natega sikio kama ataanza tena, anaanza tena, na sikuwa naweza kuendelea na kazi. Basi mimi na Lusajo tukakubaliana, tukachimba shimo nyuma ya zizi, tukalijengea kwa saruji, tukaweka mavi ya ng'ombe na ya nguruwe na maganda ya kokoa, tukavuta bomba mpaka jikoni, na baada ya wiki kadhaa gesi ikaja kweli na moto ukawaka.

Gesi ikaja, na harufu nayo ikaja. Mayai viza, jamani. Ukifungua koki kabla hujawasha, jiko zima linanuka kama kuku ameatamia tangu Pasaka akasahau, na hata ukishawasha bado kuna kitu kinakukwaruza kooni. Mama mkwe alipika siku mbili, akaumwa kichwa, akarudi kwenye kuni bila kusema neno (maana ni mtu wa kunionea huruma), na kukohoa kukaanza upya. Harufu haikuishia kwetu. Jirani yetu Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake na sala ndefu kuliko zote katika kata yetu, alikuja kumwambia baba mkwe kwamba upepo ukitoka ziwani anashindwa kula, na kwamba jehanamu yenyewe, kwa jinsi alivyofundishwa, inanuka hivyo hivyo. Baba mkwe akatoa kauli: harufu ikiendelea, wazee watakaa Jumamosi ya katikati ya mwezi ujao, na shimo litafukiwa.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Ile harufu ni salfa, imebebwa na hidrojeni mbili, ndiyo hiyo hiyo niliyoikokotoa miaka miwili, sasa inanuka jikoni kwa mama mkwe wangu na mimi nimeziba pua kama watu wengine. Kama kuna siku Mungu aliwahi kumletea mtu mtihani alioshasoma majibu yake, ni siku ile.

Nikatafuta kutu. Kwanza nilikwenda mpaka Lyulilo, gulioni, kwa mama mmoja wa Kikisi anayefinyanga vyungu, maana ule udongo mwekundu wanaopaka vyungu nao ni kutu ya aina yake, akanipa bonge moja huku akinipongeza (alidhani nina mimba na nautaka wa kula), lakini udongo ulikuwa laini mno ukaziba bomba, gesi ikagoma kupita. Ndipo nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma pale mjini, nikaomba chenga na nyuzi za chuma zinazoanguka chini ya mashine yake, nikazilowesha nikazianika nikazilowesha tena mpaka zikawa nyekundu kabisa, nikazichanganya na pumba za mpunga kutoka mashineni Ngonga ili hewa ipite, nikazishindilia kwenye kipande cha bomba nene la plastiki, nikakifunga kati ya shimo na jiko. Gesi ilikuwa lazima ipite ndani ya kutu kabla ya kufika kwa mama.

Mama mkwe aliniuliza salfa inafanywaje humo ndani, inaliwa? Nikamwambia hapana mama, hailiwi, na wala hainyonywi kama maji kwenye sifongo. Chembe za chuma zilizo ndani ya kutu zimezungukwa na wenzao pande zote, wameshikana, hazina nafasi, lakini zile za juu kabisa, pale usoni, upande mmoja hazina jirani, mkono mmoja uko mtupu, na salfa ikipita mkono ule unaidaka. Akafikiri akisonga ugali, akasema, "Kumbe anayefanya kazi ni yule wa mlangoni." Nikamwambia mama, mimi ilinichukua muhula mzima kulielewa hilo.

Na ilifanya kazi, ndugu zangu. Siku ya kwanza harufu ilipungua, siku ya pili hakuna harufu, siku ya tatu mama mkwe alichemsha maharage asubuhi nzima akiwa ameketi karibu na jiko anaimba, na mimi nilisimama nje ya ukuta wa mianzi nasikiliza mtu asiyekohoa. Wiki mbili zikapita hivyo. Nikamtuma Atupele akamwambie baba kwamba harufu imekwisha, kwa hiyo Jumamosi hakuna haja ya kikao.

Jibu likarudi, na safari hiyo Atupele alilifikisha zima: "Baba anasema harufu haifi, inahama. Imehamia wapi? Kama huwezi kumwonyesha ilipo, itarudi siku usiyoijua, na shimo litafukiwa kabla haijarudi. Jumamosi wazee wakikaa, amwone huyo salfa kwa macho."

Mtanisamehe, lakini nililipenda lile swali. Wasimamizi wangu wa chuoni hawakuwahi kuniuliza swali zuri kama lile. Na jibu lake nilikuwa nalo, kwa sababu kutu ikishadaka salfa ya kutosha inaacha wekundu wake inakuwa nyeusi tititi, kwa hiyo kazi ilikuwa ndogo tu, kufungua bomba, kumwaga ile nyeusi kwenye ungo, na kuipeleka barazani, kwa watu ambao wote wanajua kutu ni nyekundu. Kipofu angeelewa. Usiku ule nilipanga hata maneno ambayo Atupele atasema, nikayafupisha mpaka yakabaki matatu: salfa ni hii.

Jumamosi wazee wakaja mapema kidogo, watatu na baba mkwe wa nne, wakaketi barazani kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, mama anasimamia kitoweo, mchele nimeshauosha. Nikafungua bomba, na kweli ilikuwa nyeusi, nyeusi ya kupendeza (mwingine angesema ni masizi, lakini mimi nilitamani kulia), imelowa maji chepechepe. Nikaimwaga kwenye ungo. Na hapo maji meusi yakaanza kuchuruzika kwenye ungo mpya wa mama mkwe, nikafikiria kile kitambaa cheupe cha barazani, nikafikiria mchuruziko mweusi ukitapakaa mbele ya baba mkwe, nikasema moyoni, hapana, acha niikamue na kuikausha kidogo.

Hilo ndilo kosa, na nalitaja polepole ili na wanafunzi wangu walisikie. Niliikamua, nikaitandaza juani kidogo, na ilipoacha kutiririka nikairudisha kwenye ungo nikaifunika kwa kitenge safi kilichokunjwa mara mbili, kwa sababu mkamwana hapeleki kitu kwa baba mkwe kikiwa wazi, kwetu hiyo ni sawa na kumtupia. Sasa, mtu yeyote aliyesoma kemia anajua (na mimi nimewasahihisha watu kwa jambo hili hili) kwamba kutu iliyoshika salfa ikiwa ndani ya bomba lisilo na hewa imetulia, lakini ikitoka ikakutana na oksijeni, oksijeni inakuja kudai nafasi yake, salfa inasukumwa itoke, na ule ugomvi unatoa joto. Ikiwa imelowa, maji yanalipoza lile joto. Ikiwa imekauka, imechanganywa na pumba, tena imefunikwa kitenge, joto halina pa kwenda. Lakini tasnifu yangu ilikuwa na atomu moja juu ya uso mmoja. Hakukuwa na ungo kwenye tasnifu yangu, wala pumba, wala baba mkwe.

Atupele akabeba ungo, akaenda barazani, akaweka mezani, akapiga magoti kusalimia wazee kama ipasavyo, mmoja mmoja. Mimi niko nyuma ya ukuta wa mianzi nachungulia kwenye upenyo, nasubiri aseme yale maneno matatu. Na kabla hajafungua mdomo, Mzee Ambakisye, ambaye alikuwa amezunguka kwa waumini tangu asubuhi na tumbo lake linajua saa, aliuona ungo umefunikwa vizuri, msichana amepiga magoti, na sufuria zinasikika jikoni, akajua chakula kimefika. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Tuombe."

Wote wakafumba macho. Baba mkwe alisita kidogo, nilimwona kichwa kinageuka kuelekea ungo, lakini nani anamkatiza mtu aliyeshaanza sala, naye akainamisha kichwa. Atupele akafumba macho pale pale alipopiga magoti.

Niliwaambia kuhusu sala za Mzee Ambakisye. Alianza na uumbaji. Alipomaliza siku zote sita nikasema labda leo atafupisha, lakini akaingia kwa viongozi wa taifa, wa mkoa, wa wilaya, akashuka mpaka mwenyekiti wa kitongoji, na hapo ndipo niliona kitenge kimeanza kutoa kamvuke kadogo, kama chakula cha moto, jambo ambalo liliwathibitishia wale wanaochungulia kwa jicho moja kwamba ni wali kweli. Akaingia kwa wagonjwa. Mvuke ukawa na rangi. Akawaombea wasafiri wote walio ziwani siku ile, wenye mitumbwi na wenye boti, na mimi nikaanza kusikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, nikajua maji ndani ya ule mchanganyiko yamekwisha na kinachofuata ni pumba.

Nikakohoa ili Atupele afumbue macho. Mama mkwe akanigusa bega, akaninong'oneza, "Mwanangu, usimkoholee mtu anayeomba."

"Mama, inakwenda kuwaka."

"Nini?"

"Kutu."

"Kutu inawaka?"

"Ikiwa na salfa, mama, na imekauka, na mimi nimeikausha mwenyewe."

Akainama akachungulia kwenye upenyo wangu. Pale barazani Mzee Ambakisye alikuwa ameanza kuushukuru mpunga wa Ngonga na kokoa ya Bujonde, na kona moja ya kitenge ilikuwa imegeuka kahawia, karibu kabisa na mkono wa baba mkwe alioulaza mezani. Mama akasimama, akanitazama. "Sasa unangoja nini?"

"Baba yuko pale, mama."

"Na moto uko pale pale," akasema.

Nadhani nilifikiri kwa muda wa pumzi moja. Nikinyamaza, nitakuwa nimelinda heshima, na meza itaungua, labda na mkono wa mzee, na kila mtu Kyela atajua kwamba gesi ya mwalimu iliwaka moto yenyewe mbele ya wazee, na Jumatatu shimo litafukiwa na mama atarudi kwenye kuni. Nikitoka, nitakuwa nimeivunja miaka tisa kwa siku moja. Nikabeba ndoo iliyokuwa karibu, yale maji meupe niliyooshea mchele, nikatoka mbio, kitenge cha kichwani kikabaki kwenye mlango wa mianzi, ndala moja ikabaki kizingitini na nyingine uwanjani.

Maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe wangu katika miaka tisa ya ndoa yalikuwa, "Tata, sogea," (tata ndiyo baba kwetu) na sikusubiri asogee.

Nusu ya ndoo ilifika kwenye ungo. Nusu nyingine ilifika kwa baba mkwe, kifuani na usoni, na yaliyoruka yakamfikia Mzee Ambakisye ambaye alikuwa anashukuru kwa mvua. Ungo ukalia chshshsh, wingu la mvuke likapanda, harufu ya kiberiti ikatanda baraza zima, na kitenge kikaanguka pembeni kikiwa na tundu kubwa katikati. Mzee Ambakisye, macho bado ameyafumba, maji yanamtiririka kwenye ndevu, akasema, "Amina."

Nilisimama pale na ndoo tupu, nywele zangu za kusuka nusu (nilikuwa nimefumua upande mmoja asubuhi ile, sikutegemea wageni wa kuniona), na niliona mbele yangu uso wa baba mkwe ambao sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu, una punje mbili za mchele kwenye nyusi. Anafanana na Lusajo kupita kiasi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa kuwa haikupasuka nikageuka, nikampa mgongo, nikapiga magoti.

Na yeye, ndugu zangu, akageuka. Yule mzee aliyelowa chapachapa mbele ya wenzake aligeuza kiti chake akatazama ukuta, ili mkamwana wake asitazamwe akiwa kichwa wazi. Sikujua hilo mpaka Atupele aliponieleza baadaye, na siku hiyo nililia kuliko siku ya tukio.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atupele, muulize mkamwana wetu, hiki kitu kimewaka chenyewe?"

Tulikuwa hatua mbili kati yetu, migongo imetazamana, na Atupele katikati. "Wifi, baba anauliza, kimewaka chenyewe?"

"Mwambie baba ndiyo, kimekutana na hewa, na mimi nilikosea nikakikausha."

"Baba, wifi anasema ndiyo, kimekutana na hewa, na yeye alikosea." (Safari hii alipunguza neno moja tu, lile la kukausha.)

"Muulize, hii harufu ya kiberiti ni ya nini?"

"Mwambie ni salfa. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inanuka mayai viza jikoni, ila sasa imeungua."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka mezani. Baba mkwe akasema, na sasa hakuwa anamwambia Atupele wala mimi, alikuwa anawaambia wazee wenzake, "Kwa hiyo ilikuwa imekamatwa. Wiki mbili zote ilikuwa humu, imekamatwa."

Mzee Ambakisye akachukua kijiti akauchokoa ungo. Mimi nilikuwa nimeinama lakini nilimsikia akivuta pumzi. "Njooni muone," akasema. "Katikati ni nyeusi, lakini huku pembeni imerudi kuwa nyekundu." Na kweli, pale hewa ilipofika kwanza, oksijeni ilikuwa imeshadai nafasi yake na kutu imekuwa kutu tena, nyekundu, na jambo hili sikulipanga kabisa wala sikulitaja kwenye yale maneno matatu. Nikamtuma Atupele aseme kwamba maana yake itatumika tena, mara ya pili na ya tatu, ilimradi ifunguliwe nje, imelowa, mbali na watu. "Na mbali na sala zako," mzee mmoja akamwambia Mzee Ambakisye, na hapo ndipo kicheko kilipoanza, kikaanzia kwa mmoja kikaenda kwa wote, na katikati ya vicheko vile nilikisikia kimoja ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, kizito, kinachotoka tumboni, cha mtu aliyetazama ukuta.

Wakaenda jikoni, wazee wote wanne, jambo ambalo mama mkwe anasema halijatokea tangu aolewe. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia nyuma ya nyumba nikijifunga kitenge, kwa hiyo haya nayasema kama mama alivyonisimulia. Nilikuwa nimefunga kipande kingine cha bomba chenye kutu mpya, mama akafungua koki bila kuwasha, na Mzee Ambakisye akainamisha pua yake mpaka kwenye jiko lenyewe, akavuta, akavuta tena, akasema, "Hainuki kitu," kwa sauti ya mtu aliyekuwa na hakika kwamba ingenuka. Mama akafunga koki, akangoja kidogo, akafungua tena akawasha. Moto ukawa wa buluu, umetulia, na mama akainjika mchele wa wageni juu yake, wakasimama wanautazama mpaka ulipochemka.

Hukumu ilitolewa pale pale jikoni. Shimo halifukiwi. Mzee Ambakisye akataka na yeye achimbiwe la kwake kabla ya masika, na niwe mimi wa kufunga bomba. Kuhusu mimi, baba mkwe alisema mkamwana amevunja heshima na alete jogoo, kwa sababu mila ni mila na maji ni maji. Halafu Atupele akaja nyuma ya nyumba kunifikishia sehemu ya mwisho, akiwa anacheka mpaka ameshika ubavu: "Na baba anasema, huyo jogoo apikwe kwa gesi."

Jogoo nilimpeleka Jumapili yake, mkubwa, mwekundu. Alipikwa kwa gesi, na paja alirudishiwa mpishi, yaani mama, na mama akanipa mimi.

Siku kadhaa baadaye niliamka mapema nikamkuta mama mkwe ameketi uwanjani anachambua mchele. Nikamsalimia kama siku zote, "Ugonile, mama," yaani umelalaje, na mtu hujibu tu "ndaga", asante, na mambo yanaendelea. Yeye aliweka ungo chini, akanitazama, akasema, "Nimelala, mwanangu. Nimelala mpaka jogoo wamewika na sikuamka hata mara moja." Nikakaa chini nikamsaidia kuchambua.

Kwa hiyo naapa mbele yenu kwamba kutu iliyoshiba salfa sitaikausha tena, sitaifunika kwa kitu chochote, iwe kitenge iwe adabu, na sitamtuma mtu anifikishie kwa magoti. Naifungua mwenyewe nyuma ya zizi, imelowa, asubuhi na mapema, na mtu akikaribia nikaona midomo yake inaanza kusali, namkatiza. Mama nimemnunulia ungo mwingine. Aibu ile bado ninayo, inanipanda mpaka masikioni nikipita mbele ya baraza ile. Lakini ile ndoo, ndugu zangu, leo hii ningeimwaga tena.